Baba Aliyekufa Kisha Akaomba Chumvi

Jumatatu, 3 Machi

Mama watoto amenipa daftari hili. Anasema kila jioni narudi nyumbani nikimsema Muhuri, masikio yake yamechoka, na kuanzia leo niandike humu mambo ya kushukuru. Angalau moja kwa siku. Haya. Nashukuru kwa daftari. Mshono wake hovyo, gundi ya kiwandani, jalada litaachia kabla ya Juni. Lakini nashukuru.

Habari yenyewe ni mbaya. Mkuu wa maktaba ameniita ofisini, akafunga mlango, akaniambia niketi. Mtu akikuambia uketi ujue kimenuka. Kamati inakutana Jumatatu ijayo kuamua kama chumba cha majalada kifungwe. Wanataka kuweka kompyuta. Miaka kumi na tisa nashona vitabu humo, mimi na kibanio changu cha chuma, na leo kompyuta! Nikimwaga unga kwa umri huu nani atanichukua? Nani siku hizi anatangaza kwamba anatafuta mshona vitabu?

Mkuu, Mungu ambariki, akasema nichague kitabu kimoja nilichokishona mwenyewe, kiwekwe mezani mbele ya kamati, waione kazi kwa macho yao. Sikufikiri mara mbili. Riwaya Kubwa! Ina jina lake refu, lakini hapa kila mtu anaiita hivyo. Mwenyekiti wa kamati ni Profesa. Si profesa kweli, alikuwa mpima ardhi, ila ana miwani miwili, mmoja puani na mmoja utosini. Na Profesa anaipenda Riwaya Kubwa kuliko watoto wake. Kila mwaka anatoa mhadhara mzima juu ya ukurasa wa kwanza tu. Nakala ya maktaba niliishona upya miaka minne iliyopita. Jalada jekundu, herufi za dhahabu mgongoni. Sijaisoma. Kwani fundi viatu huvaa kila kiatu?

Natoka ofisini nakutana na Muhuri, karani wa mapokezi, ameshika futi kamba. Anapima mlango wa chumba changu. Eti ndiye atakayesimamia hizo kompyuta. Tunaitana kaka, lakini moyoni tunajuana. Nashukuru kwamba futi yake ilikuwa fupi.

Jumanne, 4 Machi

Maktaba yetu ina kanuni yake. Huazimi kitabu kipya mpaka umeandika walau mstari mmoja kuhusu ulichorudisha, kwenye Daftari la Maoni lililoko mezani kwa Muhuri. Mkuu wa zamani ndiye aliyeianzisha. Alidhani watu wakilazimishwa kuandika wataandika mambo ya maana. Masikini.

Leo nimelichukua nikisingizia kwamba mgongo wake umelegea. Nilitaka kuhakikisha kwamba Riwaya Kubwa imesifiwa, maana Profesa hupenda kulifunua kabla ya vikao. Nikajifungia na kuanza kusoma. Lo! Watu wana midomo!

Kuhusu ile riwaya ya kasri, inayofundishwa vyuoni, fundi cherehani mmoja ameandika kwamba mwandishi ameeleza pazia kwa kurasa tatu, na katika kazi yake pazia huelezwa kwa mita. Kuhusu ile ya msafiri, mwingine anasema shujaa ametembea kwa miguu sura kumi nzima, jamani mnunulieni baiskeli. Dereva wa lori anasema aliisoma ile ya vita akiwa amevunjika mguu, na mguu ulikuwa afadhali. Mke wa mtu anashukuru kwa moyo wote: mumewe alikuwa hapati usingizi tangu mwaka juzi, hospitali zimeshindwa, kurasa mbili za ile yenye tuzo zimemlaza kama mtoto mchanga. Nimecheka hadi nikajichoma sindano.

Nilipofika kwenye Riwaya Kubwa kicheko kikaisha. Ya zamani yote ni sifa: inagusa, inaliza, nimempa binti yangu asome. Halafu miaka hii minne, matusi matupu! Mmoja anasema baba amekufa, tumelia, tumezika, sura mbili mbele yuko mezani anaomba chumvi. Mwingine anasema bibi harusi amejifungua kabla hajachumbiwa, naye hana neno na hilo, ila angependa kupewa taarifa. Nyumba imeungua ikawa majivu, kisha wanachagua rangi ya kuipaka. Mwalimu wa hesabu anauliza kama mwandishi alikuwa na homa. Na kuna mtu kaandika ukurasa mzima, kwa mwandiko uliolala, hoja kwa hoja, akimalizia kwamba hajawahi kuona kitabu kilichosifiwa sana na kueleweka kidogo namna hii.

Watu wa siku hizi hawana subira. Lakini Profesa akiyaona haya mimi nimekwisha. Ataona kazi yangu huku akikumbuka chumvi.

Nina mpango. Kurasa zote za matusi nitazigandisha, mbili mbili. Gundi ninayo, ujuzi ninao. Nimepaka leo saa tisa, nikaliweka daftari kwenye kibanio nikakaza skrubu mpaka mwisho. Nashukuru kwa kunijalia ufundi.

Jumatano, 5 Machi

Daftari halifunguki.

Lote. Gundi imepenya. Nimejaribu kisu, nimejaribu mvuke wa birika, nimejaribu kuomba. Ni tofali. Ukiligonga mezani linalia ko ko ko. Miaka kumi na tisa ya ufundi, na nimetengeneza kipande cha ubao chenye maoni ya wasomaji ndani yake.

Muhuri amekuja mara tatu kuulizia. Mara ya kwanza nikamwambia linakauka. Mara ya pili linakauka. Mara ya tatu akauliza kwani nimelifua. Wasomaji wamepanga foleni pale mbele, anasema, hawawezi kuazima bila kuandika, na yeye hawezi kuvunja kanuni. Huyo anaipenda kanuni kama mtu anavyompenda mchumba.

Nikajikaza. Nikashona daftari jipya kwa saa mbili, la kurasa mia, zuri ajabu. Nikamwambia Muhuri la zamani limekwenda kwenye hifadhi. Amenitazama kwa jicho moja.

Jambo la kushukuru: hakuna aliyeuliza hifadhi iko wapi. Iko chini ya meza yangu, nimeiwekea miguu juu.

Alhamisi, 6 Machi

Daftari jipya lisilo na neno hata moja kuhusu Riwaya Kubwa lingetia shaka. Kwa hiyo jana jioni, kabla ya kulipeleka mapokezi, nilijaza maoni tisa mwenyewe. Moja kwa mkono wa kulia, moja kwa mkono wa kushoto, moja kwa penseli ya rangi kana kwamba ni mtoto. Nilijivunia sana. Mama watoto nilipomsimulia alishika tama, akauliza nimeandika nini hasa, kwa kuwa kitabu sijakisoma. Nikamwambia nimesifu kijumla.

Leo saa nne mlango umegongwa. Mama Mkunga! Mkunga mstaafu, mama wa makamo na ushee, mfupi, mkoba mkubwa, anasoma vitabu vitatu kwa wiki. Nusu ya mji huu amewapokea yeye, hata mwanangu wa kwanza. Nikamwamkia shikamoo kwa adabu zote. Akaitikia marahaba mwanangu, akaketi bila kukaribishwa, akauliza maoni yake yamekwenda wapi. Aliandika ukurasa mzima. Sasa amefungua daftari jipya anakuta watu tisa wanaisifu Riwaya Kubwa, na wote tisa wanasifu mishono ya mgongo. Mmoja, mwenye mwandiko wa kitoto, ameongeza na ubora wa gundi.

Nikashika birika, nikauliza kama atakunywa chai. 

Hakupandisha sauti. Akatoa kitabu chenyewe mkobani, chekundu, kazi ya mikono yangu, amechomeka vipande vya nyuzi za sweta kati ya kurasa. Akasema yeye amezalisha miaka thelathini na sita, na hajaona mtoto akitangulia uchungu. Kwanza aliona mwandishi ni mzembe, ndiyo maana aliandika vile. Halafu akarudia mara ya pili, maana hapendi kumsema mtu kwa haraka, akagundua kwamba kila baada ya kurasa kumi na sita sentensi inakatika katikati, na mwisho wake uko mahali pengine kabisa. Akaniuliza kwa upole, mwanangu, unajua ni nini kinachokaa kurasa kumi na sita?

Najua. Mungu wangu, najua! Kitita kimoja. Kitabu ni vitita vya kurasa zilizokunjwa, kumi na sita kumi na sita, unavipanga kimoja juu ya kingine ndipo unashona.

Nikakumbuka siku ile. Joto. Feni mpya. Vitita vyote vya Riwaya Kubwa viko mezani vimefumuliwa, nikawasha feni namba tatu. Vikaruka! Vingine mpaka chini ya kabati. Na nambari za kurasa hazikuwepo, maana zilikuwa chini kabisa ambapo panya walikula, nami nikazikata zote kwa kisu ili kingo ziwe nzuri. Kwa hiyo nikavipanga kwa madoa. Doa kubwa kwanza, doa dogo mwisho. Na nikaenda kula chakula cha mchana roho kwatu!

Kumbe yule mwalimu wa hesabu hakuwa na kisirani. Yule wa chumvi hakuwa na kisirani. Miaka minne nawaona hawajui kusoma, kumbe ni mimi sijui kupanga.

Mama Mkunga hakunicheka wala hakusema atakwenda kwa Mkuu. Alisema tu Jumatatu si mbali, na kitabu kilichoshonwa kinaweza kufumuliwa. Akanipa na sindano yake ya mkobani, eti yangu imepinda. Nimeshukuru. Safari hii bila kulazimishwa na daftari.

Ijumaa, 7 Machi

Mpango mpya, safi. Nakifumua, nakipanga, nakishona, Jumatatu kiko mezani, hakuna ajuaye.

Tatizo ni moja: ili nivipange lazima nisome.

Tatizo la pili: Mama Mkunga amekirudisha mapokezi, ili nikitoe nje lazima nikiazime, na Muhuri amegoma kunipa mpaka niandike maoni ya kitabu nilichoazima mara ya mwisho. Akafungua kadi yangu kwa madaha. Miaka kumi na moja iliyopita, mwongozo wa kufuga sungura. Wasomaji wawili nyuma yangu wakaacha kuzungumza ili wasikie. Nimeandika: Sungura walikufa wote. Muhuri akasoma kwa sauti, akagonga muhuri wake pa!, akanikabidhi Riwaya Kubwa kama anayenikabidhi rambirambi.

Nashukuru kwamba hakuuliza kwa nini mshona vitabu ghafla amekuwa msomaji.

Jumapili, 9 Machi

Jana sikuandika. Sikuwa na mikono wala macho.

Jana asubuhi nilikifumua mezani kwetu. Vitita ishirini na viwili. Nikaanza kusoma kimoja kimoja, nikachanganyikiwa kabla ya chai. Mama watoto akaja kusimama nyuma yangu, mikono kiunoni. Nilitegemea kusemwa. Badala yake akavuta kiti, akawatuma watoto kwa shangazi yao, akasema soma kwa sauti mimi nitapanga. Tukafunga madirisha yote. Feni nimeizima ukutani na waya nimeuchomoa kabisa.

Akili ya mwanamke huyu! Mimi natafuta madoa, yeye anafuata watu. Baba bado ana meno, hicho kitangulie. Mtoto anatambaa, hicho kikae nyuma ya harusi. Hapa wanalia moshi, hapa hawalii, kwa hiyo nyumba haijaungua bado. Saa kumi alasiri vyote ishirini na viwili vilikuwa kwenye mstari juu ya kitanda, na sentensi zote zimeshikana mikono.

Leo tumekisoma chote, kuanzia mwanzo, kwa zamu. Kinaanza na mtu anapima kiwanja chake kwa hatua, hana hata tofali moja, anamwonyesha mkewe hapa patakuwa jikoni. Miaka minne nimemzika mtu huyu ukurasa wa kwanza, hata hajapata kuonyesha jikoni! Anajenga. Anamlea binti peke yake. Anaomba chumvi, na sasa ile chumvi ina maana, kwa sababu ndiyo siku ya kwanza wanazungumza tangu ugomvi. Moto. Halafu msiba. Nilipofika kwenye msiba sauti ikakatika, mama watoto akapokea, na yake ikakatika. Tukakaa hivyo, watu wazima wawili, tunalia juu ya kitanda kwa ajili ya mtu ambaye hakuwahi kuishi.

Baadaye akacheka, akaniambia sasa umeelewa kwa nini daftari la kushukuru lina kurasa nyingi.

Nimeshona mchana wote kwa sindano ya Mama Mkunga. Nashukuru kwa sindano. Nashukuru kwa shangazi wa watoto. Kwa huyu aliyekaa pembeni ananishikia uzi, sijui hata niandikeje.

Jumatatu, 10 Machi

Siku ya kamati. 

Meza ndefu. Mkuu upande mmoja, wajumbe, Profesa katikati na miwani yake miwili. Muhuri anaandika kumbukumbu, futi kamba inaonekana mfukoni. Nyuma, kwenye viti vya wananchi, Mama Mkunga na mkoba wake. Riwaya Kubwa juu ya kitambaa cheupe, inang'aa. Wajumbe wakaipitisha mkono kwa mkono, wakapapasa mgongo, mmoja akainusa. Mambo yalikuwa mazuri kabisa!

Profesa akaipokea. Akatangaza kwamba kabla ya kujadili atawasomea wajumbe ukurasa wa kwanza, ule mwanzo shupavu kuliko yote, mwandishi anapofungua kwa maziko kutufundisha kwamba uhai huanzia kaburini. Akavaa miwani ya utosini. Akafunua. Akaisogeza miwani.

Mtu anapima kiwanja kwa hatua.

Akafunua ukurasa wa pili. Wa tatu. Mishipa ya shingo ikasimama. Akasema kitabu kimeharibiwa! Maziko yako wapi? Nani ameng'oa maziko? Akanigeukia. Akasema hii ndiyo kazi ya mtu tunayeombwa tumbakize, mtu anayechezea hazina ya taifa kwa sindano. Muhuri akaandika kwa kasi ambayo sijawahi kuiona.

Jamani! Miaka minne kitabu kimekaa vibaya, nasifiwa. Siku ya kwanza kimekaa vizuri, naitwa mharibifu. 

Ndipo Mama Mkunga akanyanyua mkono, kwa heshima, akauliza tu kama Mwenyekiti anayo nakala yake nyumbani, ili zilinganishwe. Profesa akasema bila shaka anayo, iko kwenye kabati la vioo sebuleni, kila mgeni ameiona. Nyumba yake iko nyuma tu ya maktaba. Muhuri akatumwa. Akarudi anahema, nakala mkononi, ya zamani, nzuri, jalada la kijani. Mkuu akaagiza anayelinganisha awe fundi, mbele ya wote.

Nikaifungua. Kitita cha kwanza hakikufunguka. Wala cha pili. Vitabu vya zamani vilikuwa vinatoka kiwandani kingo zimeshikana kwa juu, mwenye kitabu anazikata kwa kisu kadiri anavyosoma. Kwa hii haukukatwa hata mmoja. Haijawahi kusomwa! Ameshinda akiihubiri kwa kuchungulia ukurasa wa kwanza wa nakala yetu, yaani wa madoa yangu.

Nikainua macho. Profesa alikuwa ananitazama, naye amejua kwamba nimejua. Sijawahi kumwona mtu mzima na uso ule. Wa mtoto aliyevunja kitu.

Hapa nikiri, shetani alininong'oneza. Neno moja tu ningelisema na angeumbuka mbele ya kamati yake. Lakini nilimkumbuka Mama Mkunga Alhamisi ile, kwenye kiti changu, asivyonicheka. Nikaifunga ile nakala taratibu. Nikasema nakala zote mbili zinaanza kwa kiwanja. Nikasema kosa ni langu, miaka minne iliyopita, feni na panya na madoa, nikaeleza yote, hata gundi, hata daftari lililo tofali, hata maoni tisa. Sauti ilitoka yenyewe, nilishindwa kuizima. Nikamaliza kwa kusema Mwenyekiti ameupenda mwanzo ule kwa sababu nilimpa mwanzo ule, yeye hana kosa.

 Mjumbe mmoja akaanza kucheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi.

Mkuu akauliza ni vitabu vingapi nimevishona katika miaka hiyo kumi na tisa. Nikasema mia nane na kitu. Akauliza vingapi kati yake nilivisoma. Nikasema sungura. Akafumba macho. Kisha akaiambia kamati kwamba kwa hali hiyo chumba hakiwezi kufungwa, maana kuna vitabu mia nane kwenye rafu ambavyo hakuna anayejua kama vimepangwa, na mtu pekee mwenye sindano ni huyu. Avisome vyote, kimoja kimoja, na kila kitakachokutwa na kasoro akishone upya. Anayeunga mkono?

Profesa aliunga mkono kabla hajamaliza kuuliza. Kwa mikono yote miwili.

Chumba kimebaki! Nimebaki! Muhuri akanipa mkono, akasema hongera kaka, na nadhani nusu yake alimaanisha. Nje nilitaka kumshukuru Mama Mkunga kwa maneno mazito niliyoyapanga ngazini. Akanikatiza, akataka kujua ukurasa wake mmoja unaweza kutolewa kwenye lile tofali au la, maana aliuandika kwa uangalifu. Nimemwahidi nitaujaribu kwa mvuke.

Jumatano, 12 Machi

Profesa amekuja chumbani kwangu na ile nakala ya kijani chini ya koti. Akaomba, kwa sauti ndogo, nimkatie kingo. Nikamkatia zote, pole pole, kwa kisu kipya, yeye ameketi kwenye kiti cha Mama Mkunga anaangalia vumbi la karatasi. Alipoondoka alisema ahsante mara mbili. Mtu huyu hajawahi kuniambia hata habari ya asubuhi. Nimejisikia vizuri siku nzima, hata Muhuri nimemwazima mkasi.

Ijumaa, 14 Machi

Profesa amemaliza kusoma. Ameandika maoni daftarini, na Muhuri amenibebea mpaka mezani ili nione kwa macho yangu. Anasema Riwaya Kubwa ni nzuri lakini ndefu, kiwanja kinachosha, yule baba anachelewa mno kufa, na kwa maoni yake ilikuwa bora zaidi maziko yalipokuwa mwanzoni.

Nimeyasoma mara tatu. Mtu msomi vile! Maana yake nini? Maana yake siku ile na feni sikukosea sana. Maana yake nina kipaji ambacho sikukijua.

Na leo ndipo nimemaliza kitabu cha kwanza cha orodha yangu, ile riwaya ya binti wa mlinzi wa daraja, inayosifiwa kila mahali. Imepangwa sawasawa, hakuna kasoro. Ila mwisho wake! Binti anashikwa na homa kitita cha mwisho, na anakufa. Hivi hivi! Kurasa kumi na sita baada ya harusi, tumbo la miezi saba, na mwandishi hana hata aibu. Nilikasirika nikatoka nje kuvuta hewa.

Kurudi, Muhuri ananiambia nikiharakishe kitabu hicho, kimewekewa nafasi, Mama Mkunga anakuja kukichukua kesho asubuhi. Tena ameuliza mapema kama kuna mwenye mimba anayekufa ndani yake, maana wa kweli aliowaona wanamtosha. Muhuri kamjibu hajui, kazi yake ni kugonga.

Mama huyu amenipa sindano. Amenihifadhia kazi yangu, na watoto wangu wanakula kwa sababu yake. Kwa wiki nzima nimejiuliza nimpe nini.

Sasa najua. Kitita cha mwisho nakihamishia katikati, nyuma ya safari ya sokoni. Binti ataugua hapo, atakufa kidogo, kisha sura inayofuata yuko mtoni anafua na kuimba, na kitabu kitaishia kwenye harusi, watu wakipiga vigelegele. Mwenye kusoma haraka atadhani alizimia tu.

Nimeshafumua. Uzi umeingia kwenye tundu mara ya kwanza, ishara njema. Mama Mkunga hatagundua kitu.